Kuvuna infraredi upate umeme: mwongozo kamili kwa anayetaka kujaribu kwa mikono yake

Tuanze na hesabu inayowachanganya wengi. Ukuta wa chumba chenye nyuzi 27 za selsiasi unatoa mionzi ya infraredi kama wati 460 kwa kila mita moja ya mraba, usiku na mchana, bila bili. Ukuta wa mita kumi za mraba hapo tayari ni zaidi ya wati 4,500. Mtu akisikia hivyo anauliza sasa kwanini bado tunalipia umeme. Jibu ni kwamba wewe, meza, na hicho kifaa chako cha kuvunia vyote viko kwenye nyuzi hizohizo 27, kwa hiyo vinaurudishia ukuta wati zilezile ulizovipa, huku unapokea huku unatoa, mwisho wa hesabu mfukoni una sifuri. Kwahiyo kabla hujanunua hata waya mmoja shika hili: hauvuni joto, unavuna TOFAUTI ya joto. Lazima kuwe na upande wa moto na upande wa baridi, na kwa uzoefu wangu upande wa moto hausumbui kabisa, kinachoua miradi ya watu ni ule wa baridi.

Infraredi ni mwanga kama mwanga mwingine ila jicho haliuoni. William Herschel aliugundua mwaka 1800, alipitisha mwanga wa jua kwenye kioo cha pembetatu, ukatawanyika rangi kama upinde wa mvua, akaweka kipimajoto kwenye kila rangi, alafu akakisogeza nje kidogo ya nyekundu pale ambapo macho hayaoni kitu na kumbe ndio pakawa pa moto zaidi. Ni mionzi yenye urefu wa wimbi kuanzia kama maikromita 0.7 hadi milimita moja, na karibu nusu ya nishati ya jua inayofika chini ni hiyo.

Hatua ya 1: jua infraredi yako ni ya aina gani

Hapa wengi wanaruka na ndio wanapopotea. Kuna kanuni rahisi, chukua joto la kitu kwa nyuzi, jumlisha 273, alafu gawa 2898 kwa hiyo namba. Unachopata ni urefu wa wimbi, kwa maikromita, ambapo kitu hicho kinatoa mionzi yake kwa nguvu zaidi. Pasi yenye nyuzi 200 inakupa kama 6.1. Mwili wa binadamu kama 9.3. Makaa yaliyoiva mekundu, tuseme nyuzi 730, yanakupa 2.9. Balbu ya zamani ya waya iko karibu na 1.

Kwanini inajalisha? Kwasababu paneli ya sola ya kawaida imetengenezwa kwa silikoni, na silikoni inakubali mwanga wa mpaka maikromita 1.1 tu. Zaidi ya hapo kila chembe ya mwanga inakuwa dhaifu, haiwezi kung'oa elektroni hata moja, na ukiongeza wingi wa chembe dhaifu haisaidii, ni kama kutupa mipira elfu kwenye ukuta ambao kila mmoja unaishia nusu ya njia, hakuna hata mmoja utakaovuka. Kwahiyo paneli inavuna infraredi ya karibu (ya jua, ya balbu) na inavuna vizuri tu, ila ya pasi au ya ukuta wa jiko haiioni kabisa. Kuna seli maalum za galiamu na antimoni zinazofika kama maikromita 1.7, na mwaka 2022 watafiti wa chuo cha MIT na maabara ya nishati ya NREL ya Marekani walionyesha seli nyingine za kubadili mionzi ya joto kuwa umeme zikivuka ufanisi wa asilimia 40, lakini soma vizuri hapo, kitu kilichokuwa kinatoa mionzi kilikuwa na joto la nyuzi 1,900 mpaka 2,400. Hiyo sio kazi ya nyumbani jamani.

Kwa vitu vya moto wa kawaida, nyuzi 100 mpaka 400 hivi, njia inayofanya kazi ni ya kuzunguka: acha infraredi ipige sahani nyeusi, sahani ipate moto, alafu huo moto upite kwenye moduli ya Peltier (kibamba bapa cha kauri chenye waya mbili) kuelekea upande wa baridi. Moduli inatoa umeme kwa kanuni aliyoikuta mwanasayansi Seebeck mwaka 1821, kwamba tofauti ya joto inazalisha umeme. Mwongozo huu ni wa njia hiyo.

Hatua ya 2: jaribio la dakika kumi

Usiniamini mimi, jionee. Chukua kipaneli kidogo cha sola kama cha taa za bustani, unganisha kwenye spika ndogo yenye amplifaya, alafu elekeza rimoti ya TV bonyeza kitufe. Utasikia inakoroma trrr trrr. Rimoti inatoa infraredi ya nanomita kama 940, yaani maikromita 0.94, iko ndani ya uwezo wa silikoni. Sasa zima taa zote, sogeza pasi ya moto karibu na kipaneli na upime volti kwa multimita. Mkono wako unahisi joto kabisa, wati ni nyingi kuliko za rimoti mara mamia, na mita inakaa kimya. Ukishaona hilo kwa macho yako hakuna mtu atakuuzia eti paneli inayovuna joto la chumba.

Hatua ya 3: chagua chanzo

Chanzo kizuri ni kitu ambacho tayari kipo moto kwa sababu nyingine na hilo joto linapotea. Ubavu wa jiko la chuma, bomba la moshi, mlango wa tanuru, upande wa jenereta. Usiwashe moto KWA AJILI ya kuvuna hivi, ni hasara tupu.

Na jua? Hapa nitasema ukweli ambao wadau wa mambo haya hawaupendi. Sahani ya sentimita 15 kwa 15 kwenye jua kali la wati 1,000 kwa mita ya mraba inapokea wati 22.5. Paneli ya ukubwa huo yenye ufanisi wa asilimia 20 itakupa wati 4.5. Moduli ya Peltier itakupa sehemu ndogo ya wati moja. Kwahiyo juani weka paneli, basi, mjadala umekwisha. Peltier ni kwa pale ambapo paneli ni kipofu.

Hatua ya 4: vifaa

Moduli moja au mbili. Ile iliyojaa kila mahali ni TEC1-12706, ya sentimita 4 kwa 4, imetengenezwa kwa ajili ya kupoza lakini inazalisha pia. Ubaya wake risasi ya kulehemu iliyo ndani inayeyuka kwenye nyuzi 138, na mimi ya kwanza niliiua hivyohivyo, niliibandika moja kwa moja kwenye chuma cha jiko nikaenda kufanya mambo mengine, nimerudi waya umechomoka wenyewe. Zipo za kuzalisha umeme zinazohimili zaidi, ukipata chukua hizo, ila soma karatasi yake kwanza, maneno ya muuzaji weka pembeni.

Alafu sahani ya alumini ya milimita 3, sentimita 15 kwa 15. Rangi nyeusi isiyong'aa inayohimili joto, zile za kupulizia mabomba ya moshi ndio zenyewe. Hitisinki kubwa ya alumini (kile kipande chenye mapezi cha kumwaga joto), ya kompyuta ya zamani inafaa. Grisi ya joto ile ya kuweka kwenye prosesa. Skrubu nne nyembamba za chuma na springi zake, foili, pamba ya madini ya kuzuia joto, multimita, na resista za omu 1, 2, 3 na 5 zenye uwezo wa wati moja.

Hatua ya 5: sahani nyeusi

Piga msasa upande mmoja wa sahani, safisha na spiriti, pulizia rangi mara mbili nyembamba. Ikishakauka ipashe moto nje mara ya kwanza, itatoa moshi unaonuka, usifanyie ndani. Upande wa pili usipake kitu, uache uking'aa. Sababu ni hii: alumini inayong'aa inatoa na kupokea infraredi kidogo sana, asilimia 5 hivi ya kitu cheusi kamili, rangi nyeusi inafika karibu 95. Kwahiyo mbele inakunywa, nyuma haivuji.

Je uweke kioo mbele ya sahani kama kwenye hita za maji za jua? Hapa usijichanganye. Kioo kinapitisha mwanga wa jua vizuri lakini kinaziba infraredi ndefu, kuanzia kama maikromita 4 kwenda juu, kwa hiyo ukikiweka mbele ya jiko la nyuzi 300 umefunga mlango wa chakula chako mwenyewe. Juani kioo ndiyo, mbele ya jiko hapana. Acha wazi.

Hatua ya 6: kupachika

Mpangilio ni huu kutoka jikoni kuja kwako: ukuta wa moto, nafasi ya sentimita 5 hivi ya hewa, sahani nyeusi, moduli, hitisinki. Sahani isiguse jiko. Huo mwanya ndio unaokulinda, mionzi inavuka, lakini joto halipandi mpaka kuua moduli, na ukiona linazidi unasogeza nyuma tu.

Moduli ibane katikati ya nyuma ya sahani. Grisi pande zote mbili, nyembamba kabisa, grisi sio siagi, kazi yake ni kujaza vijishimo vya hewa tu. Kaza skrubu kwa mshazari kidogo kidogo kwa zamu, ukikaza upande mmoja kwanza moduli inapasuka maana ndani ni kauri. Skrubu ziwe nyembamba na za chuma, za alumini zinapitisha joto pembeni kama wizi. Eneo lote linalobaki kati ya sahani na hitisinki jaza pamba ya madini (vaa glavu inawasha), alafu weka foili ing'ae kukinga hitisinki isiuone moto wa jiko. Hiyo foili watu wanaisahau, hitisinki inapigwa na mionzi uleule uliokuwa unaukimbia, inapata moto, tofauti inakufa, alafu mtu anasema moduli ni feki.

Hatua ya 7: ubaridi, hapa ndipo kazi ilipo

Wazo la kwanza la kila mtu ni feni. Angalia feni ya kompyuta imeandikwaje, volti 12 ampea 0.15, hiyo ni wati 1.8. Mtambo wako hautoi hata nusu yake. Feni itakula yote na kukudai.

Bila feni una njia mbili. Moja ni hitisinki kubwa yenye mapezi yaliyosimama wima ili hewa ya moto ipande yenyewe kati yake, ukiyalaza hewa inakwama, tofauti utaiona kwenye mita ndani ya dakika chache. Nyingine ni maji. Bana kopo la alumini lenye ubavu bapa badala ya hitisinki, lita 2 za maji. Maji lita 2 yanahitaji kama jouli 8,400 kupanda nyuzi moja, na kama zinapita wati 24 hiyo ni dakika 6 hivi kwa nyuzi moja, kwahiyo saa nzima umepanda nyuzi 10 tu. Na hayo maji ya uvuguvugu yana matumizi yake. Mimi kwa jiko napendelea maji, sio kitu cha kujivunia kwa muonekano lakini yanashinda hitisinki yoyote niliyowahi kuweka.

Hatua ya 8: pima kabla hujaunganisha chochote

Moduli ya aina hii inatoa takriban volti 0.05 kwa kila nyuzi moja ya tofauti, ikiwa haijaunganishwa na mzigo. Kwahiyo multimita yako sasa imekuwa kipimajoto: ukisoma volti 2 basi tofauti ndani ya moduli ni nyuzi 40 hivi. Ukitumia kipimajoto cha bastola, kile cha kupima kwa mbali kwa infraredi, usikielekeze kwenye alumini inayong'aa, itakudanganya vibaya, kitasoma joto la vitu vinavyojiakisi humo. Pakaza tone la rangi nyeusi upime hapo.

Sasa unganisha resista moja moja na usome volti. Ile inayoshusha volti mpaka nusu ya ile ya mwanzo ndiyo inayolingana na upinzani wa ndani wa moduli, na hapo ndipo unapopata nguvu nyingi kuliko popote. Mfano volti 2 wazi, upinzani wa ndani omu 2.5, ukiweka mzigo wa omu 2.5 unabaki na volti 1, nguvu ni volti moja mara moja gawa 2.5, wati 0.4. Kutoka kwenye joto la wati 24. Ndio, asilimia 1.7, usilie, ndivyo ilivyo kwa tofauti ndogo kama hiyo.

Hapa watu wanapata akili ya kuongeza moduli ya pili pembeni. Ngoja kwanza. Kama joto linaloingia kwenye sahani ni lilelile, kila moduli inapata nusu yake, tofauti inashuka kwenye nyuzi 20 kila moja, ukiziunga mfululizo volti zinabaki 2 zilezile lakini upinzani umekuwa omu 5, nguvu imeshuka karibu nusu. Uhalisia ni bora kidogo kwa vile sahani ikipoa inapoteza joto kidogo, lakini umeelewa. Moduli zaidi zinataka sahani kubwa zaidi na ubaridi zaidi, sio moduli tu.

Hatua ya 9: kupandisha volti na kuhifadhi

Volti moja haichaji kitu, unahitaji buusta. Zile bodi ndogo za kutoa volti 5 zinaanza kufanya kazi kwenye volti 0.9 hivi, uko mpakani kabisa, jiko likipoa kidogo inazima. Kwa volti ndogo kuna chipu kama LTC3108 inayoanza na milivolti 20 ikisaidiwa na transfoma ndogo, ila hiyo ni ya nguvu kidogo mno, ya kuendesha vitambuzi vidogo (sensa).

Kuhifadhi, mimi nashauri betri mbili za kuchaji za NiMH zilizoungwa mfululizo na dayodi ya Schottky kuzuia umeme kurudi usiku, maana bila dayodi jiko likizima betri inaanza kuipasha moduli na asubuhi umerudi mwanzo. Ukishatoa hasara ya buusta una wati 0.3 hivi, inaingia kama miliampea 100, kwa betri ya miliampea-saa 2,000 huo ni mchajo wa polepole usio na hatari. Betri za lithiamu usizichaji moja kwa moja bila bodi yake ya ulinzi, zinawaka moto.

Matarajio sasa. Jiko saa 5 kwa wati 0.3 ni wati-saa 1.5. Simu yenye betri ya miliampea-saa 4,000 inabeba kama wati-saa 15. Siku kumi. Lakini taa ya LED ya wati 0.06 itawaka saa 25 kwa hiyo jioni moja, na sensa ya joto inayotuma ujumbe mara chache kwa saa itaishi humo bila kubadilishiwa betri. Hizo ndio saizi yake.

Kuhusu antena za infraredi

Utakutana na watu wanasema mbona tusiikamate infraredi kwa antena kama redio. Wazo ni halali kabisa. Tatizo ni kwamba wimbi la maikromita 10 linapiga mara trilioni 30 kwa sekunde, na dayodi za kawaida haziwezi kufungua na kufunga kwa kasi hiyo. Mwaka 2015 watafiti wa Georgia Tech walionyesha antena za nyuzi ndogo za kaboni zikigeuza mwanga kuwa umeme wa moja kwa moja, ila kwa ufanisi mdogo mno. Anayekuuzia hiyo leo kwenye boksi anakuuzia boksi.

Hatua ya 10: toleo la usiku

Hili ndilo ninalolipenda, na linageuza kila kitu juu chini. Anga tupu la usiku ni baridi kuliko hewa, kwasababu kati ya maikromita 8 na 13 hewa inapitisha infraredi ikatoka moja kwa moja mpaka angani juu, na hapo ndipo vitu vya joto la kawaida vinapotoa zaidi. Kwahiyo kitu cheusi kinachotazama juu kinapoa chini ya joto la hewa chenyewe. Sasa anga ndiyo upande wako wa baridi na hewa ndiyo jiko. Mwaka 2019 watafiti, akiwemo Shanhui Fan wa chuo cha Stanford, waliwasha LED kwa namna hii, walitumia sahani ya alumini ya sentimita 20 iliyopakwa nyeusi, wakapata milliwati 25 kwa mita ya mraba. Kwa sahani yenyewe hiyo ni chini ya milliwati moja.

Unajenga hivi: sahani nyeusi itazame juu ndani ya boksi la povu jeupe, moduli chini yake, hitisinki itokeze chini ya boksi iguse hewa. Juu funika na plastiki laini ya polithini ile nyembamba ya kufungia vitu, iko karibu wazi kwa infraredi lakini inazuia upepo usiirudishie sahani joto. Kioo hapa hapana, kwa sababu ileile ya jikoni. Weka sehemu iliyo wazi bila miti wala ukuta mrefu, kwa sababu navyo vinatoa mionzi kwenye sahani, na usiku wa mawingu usijisumbue, wingu ni blanketi. Tofauti utakayopata ndani ya moduli ni nyuzi moja mbili, milivolti 50 mpaka 100, hapo ndipo ile buusta ya transfoma inapata kazi yake.

Ukiona milivolti zinashuka usiku wa manane wakati anga bado jeupe na nyota zote, pitisha kidole juu ya plastiki. Mara nyingi ni umande. Maji yanaziba infraredi karibu yote hata yakiwa tabaka jembamba, futa na kitambaa kikavu, subiri robo saa, alafu pima tena.